Kali si Cheti cha Utaalamu: Dhana Potofu Kuhusu Kuchagua Distro ya Linux

Kwa vijana wengi wanaosoma kompyuta hapa Dodoma, jina la kwanza la Linux (mfumo endeshi unaotumika badala ya Windows) wanalolisikia ni Kali, moja ya distro zake, yaani aina za Linux zilizoandaliwa tayari kusakinishwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza pale UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) anamfuata wa mwaka wa tatu, laptopu ya mtumba mkononi: “Kaka, nipigie Kali, nataka kujifunza udukuzi.” Haupiti muda, Wi-Fi inagoma, sauti haitoki, na kijana anarudi kwa fundi kupigiwa Windows akiamini Linux ina wenyewe. Inaniuma, kwa sababu Linux haikumshinda. Alipewa chombo cha kazi nyingine kabisa.

Dhana: Ukitaka kujua Linux, anza na Kali

Kali ilitoka mwaka 2013, ikirithi distro ya BackTrack, na imetengenezwa kwa ajili ya watu ambao kazi yao ni kupima usalama wa mifumo. Nyaraka zake zenyewe zinasema wazi kwamba haimfai mtu asiyeifahamu Linux. Haikukusudiwa iwe kompyuta ya kuandikia ripoti, kusomea PDF na kuangalia video jioni.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: zana nyingi wanazozifuata Kali zipo kwingine. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) ndani ya Mint au Ubuntu, distro za matumizi ya kawaida, andika `sudo apt install nmap wireshark`, na utakuwa na zana mbili za kuchunguza mitandao ambazo mwanafunzi wa mitandao atazitumia miezi mingi kabla ya kuhitaji nyingine. Siku utakayoihitaji Kali yenyewe, iendeshe ndani ya VirtualBox (programu inayoendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine) au moja kwa moja kutoka kwenye flashi, na diski yako ibaki salama.

Dhana: Distro za wanaoanza ni za kuchezea, mtaalamu hutumia Arch

Hii ndiyo dhana inayowapotezea watu muda kuliko zote. Keneli, yaani kiini cha mfumo, ni ileile aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, ganda la Bash linalopokea amri zako ni lilelile, na amri nyingi utakazojifunza kwenye Mint zitakufaa kwenye seva yoyote ya Linux. Seva nyingi duniani zinatumia Ubuntu na Debian. Torvalds mwenyewe hutumia distro ya Fedora, na amekwisha kueleza kwamba anapenda distro inayosakinishika kirahisi ili aendelee na kazi yake ya keneli.

Kinachozitofautisha distro ni kiasi cha matunzo unachojitwika. Arch husasishwa mfululizo, haina toleo la kutulia nalo. Watunzaji wake hawaungi mkono kusasisha nusunusu: ukitaka kuongeza programu moja baada ya miezi miwili bila masasisho, inabidi kwanza usasishe mfumo mzima, tena baada ya kusoma matangazo yao kuona kama kuna kitu cha kurekebisha kwa mkono. Mtu mwenye intaneti ya ofisi halioni hilo. Mtu wa Kongwa au Mpwapwa anayenunua bando la siku ataliona, kwa sababu masasisho ya miezi miwili yanaweza kufika GB kadhaa. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, na betri ya laptopu ya mtumba imeshachoka, mfumo unaweza usiwake tena.

Linganisha na Ubuntu LTS, yaani Ubuntu ya kutunzwa muda mrefu. Toleo jipya hutoka Aprili kila baada ya miaka miwili na hupata masasisho ya kawaida kwa miaka mitano. Linux Mint 22, iliyojengwa juu ya Ubuntu 24.04, inatunzwa hadi 2029. Tena Mint inakuja na Timeshift, inayohifadhi picha ya mfumo ili ukiharibu kitu urudi ulipokuwa. Kwa anayeanza, mimi nasema Mint bila kusita. Fedora ni nzuri mno, ila kila toleo lake hutunzwa kwa takriban miezi 13 tu, kwa hiyo inamfaa mtu asiyeona tabu kuhamia toleo jipya. Debian nayo ilikuwa na sifa ya ugumu, hasa kwenye Wi-Fi, lakini tangu toleo la 12 la mwaka 2023 kisakinishi chake kinabeba programu tegemezi za vifaa (firmware) ambazo zamani ulilazimika kuzitafuta mwenyewe.

Arch ifuate ukishazoea kusoma ujumbe wa kosa na kuufanyia kazi mwenyewe. Itakufundisha mengi.

Dhana: Linux yoyote itafufua kompyuta ya zamani

Tangu Windows 10 ilipoachwa kutunzwa tarehe 14 Oktoba 2025, suala la kufufua kompyuta za zamani kwa Linux limekuwa kubwa. Ubuntu 24.04 ya kawaida inataka RAM ya GB 4. Mint inaweza kuanzia GB 2, ingawa 4 ndiyo inayopendekezwa. Chagua Mint ya Xfce, yenye mwonekano mwepesi. Hata hivyo kivinjari chenye vichupo ishirini kitaijaza RAM kwenye distro yoyote, na mara nyingi SSD (diski ya kasi) ndogo huleta nafuu kubwa kuliko kubadilisha distro.

Na kama ofisi yenu inabadilishana mafaili ya Excel yenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili), usifute Windows. LibreOffice, programu ya ofisi inayotumika kwenye Linux, hufungua faili hizo, lakini makro nyingi hazitafanya kazi ipasavyo.

Dhana: Ukishachagua, umefungwa

Hufungwi. Faili la kusakinishia Mint ni kama GB 3, la Ubuntu 24.04 linakaribia GB 6. Changieni bando, pakueni mara moja, myaweke yote kwenye flashi moja ya GB 32 yenye Ventoy, programu inayoiwezesha flashi moja kuwasha distro nyingi. Kwenye HP nyingi bonyeza F9 wakati inawaka, Dell na Lenovo F12, kisha uijaribu distro bila kusakinisha. Kagua Wi-Fi, sauti na kamera. Wi-Fi ikigoma, huenda kadi yake (kwa mfano ya Broadcom) inahitaji draiva ya ziada: sakinisha, unganisha simu kwa waya wa USB upate intaneti yake, halafu fungua sehemu ya madraiva ya Mint ichukue inayofaa.

Kabla hujagusa diski yenye Windows 11, angalia kama BitLocker, kifungio cha Windows kinachosimba data za diski, imewashwa. Ikiwa imewashwa, hifadhi ufunguo wake wa urejeshaji nje ya laptopu hiyo.