Kubonyeza B sio fonti nzito, jamani

Mwezi huu ni mara ya tatu. Mteja kaja na bango la mgahawa, fonti kaipakua bure mtandaoni, ina serifu nzuri (vile vimiguu kwenye ncha za herufi) ila faili ni moja tu, la unene wa kawaida, halafu ananiambia "we bonyeza B tu kaka, si itanenepa?" Yaani ile B ya kunenepesha herufi kwenye kompyuta. Sikubishana. Nikabonyeza, nikaprinti, nikaibandika ukutani nikamwambia avuke barabara aisome. SAMAKI WA NAZI, zile A zote zimeziba, unaona madoa tu.

Iko hivi. Fonti ikiwa haina boldi yake, yaani toleo nene lililochorwa, programu inapaka tu wino kuizunguka herufi, kila upande sawasawa. Chukua nguzo, ule mstari mnene wa herufi, yenye unene wa 10 na mstari mwembamba wa 2, ongeza 3 kila mahali, unapata 13 na 5, yaani mwanzo nene ilikua mara tano ya nyembamba na sasa haifiki hata mara tatu, serifu iliyokua kali imegeuka kidonge, na wino huohuo umeingia mpaka ndani ya tundu, ile nafasi iliyo katikati ya herufi. Anayechora fonti nzito kweli ananenepesha nguzo, anaitanua na herufi yenyewe, tundu analiachia hewa.

Najua mtu atasema mbona fonti ya Times ina boldi. Ndio inayo, na imechorwa, humo B ni halali. Ila ile ilitengenezewa gazeti la London, 1932, ya kusoma ukiwa umeishika mkononi, sio ukiwa kwenye daladala.

Kwa bango mi huwa naenda kwa Cooper Black. Watu wanaiita fonti ya miaka ya sabini, wapi, Oswald Cooper aliichora Chicago na ikatoka 1922, mwenyewe akitania kwamba ni ya wachapaji wanaoona mbali wenye wateja wasioona mbali. Itazame o yake kwa karibu: tundu limelala kidogo kwa nyuma, ndo maana neno zima linaonekana kama linatembea. Serifu zote za mviringo, chini hakuna pa kukaa bapa, kwa hiyo hata fundi akikata stika ikapinda kidogo jicho linasamehe. Shirika la ndege la easyJet wameiweka kwenye ndege zao na inasomeka. Usiiandike kwa herufi kubwa tupu tu, zinabanana.

Sasa, nawakataza watu wasiiweke kwenye aya, na mwaka jana mimi mwenyewe nimepanga menyu nzima nayo, na bei humohumo, watu wakaisoma bila shida. Display, yaani fonti ya maandishi makubwa ya bango, inaishia saizi gani hasa? Napima kwa jicho, na kesho jicho linasema kingine.

Bango la samaki nimelirudia kwa Cooper, mteja kafurahi. Jana kanitumia meseji anataka italiki, zile herufi za kulala, eti nibonyeze I. Bahati yake Cooper aliichora na hiyo.