Pedi mpya peke yake hazitoshi: kuhudumia breki ya mbele ya pikipiki nyumbani

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la ukaguzi wa vyombo vya moto yanafanana. Mwenye pikipiki amebadilisha pedi za breki ya mbele mwenyewe, pedi ni mpya, risiti anayo, lakini chombo kimekataliwa. Anaona ameonewa. Hajaonewa. Kufanya kazi hiyo nyumbani si kosa, na wapo wanaoifanya kwa uangalifu kuliko baadhi ya mafundi. Ila mkaguzi hapimi upya wa pedi. Anapima kama gurudumu linasimama.

Lipo jambo moja ambalo tumelieleza mara nyingi mno. Bado tunaletewa pikipiki zilizolegezwa waya wa breki ya mbele kwa makusudi, eti breki hiyo inabinua. Ukifunga breki, uzito huhamia mbele: tairi la mbele hukandamizwa barabarani, la nyuma huwa jepesi na huanza kuburuzika. Kwa hiyo breki ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa. Kinachoangusha ni kuikamata ghafla, hasa kwenye kona au juu ya mchanga. Ikaze kwa kuongeza nguvu taratibu, pamoja na ya nyuma. Anayeilegeza anajiongezea umbali wa kusimama, na kwetu hicho ni kigezo tosha cha kukataa chombo.

Turudi kwenye pedi. Nyingi zina mfereji unaoonyesha ukomo. Ukikaribia kufutika, badilisha zote za kalipa hiyo (kifaa kinachoshika pedi na kuibana diski) kwa pamoja. Diski nayo ina unene wa chini kabisa uliogongwa juu yake kwa milimita. Upime pale pedi zinaposugua, si kwenye ukingo, kwa sababu ukingo hauliki na utakudanganya. Pedi zilizolowa mafuta au grisi zitupwe. Kuzichoma moto au kuzipiga msasa hakuziponyi.

Kabla ya kurudisha ndani pistoni, yaani vipande vya kalipa vinavyosukuma pedi, zisafishe kwa maji ya sabuni au mafuta ya breki, kamwe si petroli, maana petroli huharibu mipira yake. Fungua kifuniko cha kikopo cha mafuta juu ya usukani na uangalie kiwango, kwani pistoni zikirudi mafuta hupanda, na yakimwagika hubabua rangi.

Hapa ndipo wengi huishia njiani. Wamefunga boliti, wamekaza kwa kipimo cha kitabu cha chombo, wamepanda na kuondoka. Pistoni bado ziko mbali na diski! Mkamato wa kwanza unaweza kufika kwenye mpini bila breki kushika chochote. Minya mkono wa breki mara kadhaa pikipiki ikiwa imesimama, mpaka uwe mgumu, kisha angalia tena kiwango cha mafuta. Jaribu kwa mwendo wa kutembea kabla ya kuingia barabarani, na kwa kilomita mia kadhaa za mwanzo usifunge kwa nguvu isipokuwa kwa dharura.

Mkono ukibaki laini kama sponji, mna hewa. Unganisha mpira mwembamba kwenye nipo ya kalipa, yaani skrubu ndogo ya kutolea hewa, uchovye mwisho wake kwenye chupa yenye mafuta ya breki. Minya mkono, fungua nipo, ifunge, ndipo uachie mkono. Ukiachia kabla ya kufunga, unavuta hewa upya. Rudia, ukiongeza mafuta ili kikopo kisikauke. Kwa pikipiki yenye ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga, hewa iliyoingia kwenye kitengo chake huenda ikahitaji kifaa maalumu. Mpe fundi mwenye nacho.

Mafuta yenyewe hunyonya unyevu wa hewani, ndiyo maana watengenezaji wengi huagiza yabadilishwe kila baada ya miaka 2. Mafuta ya breki hupangwa kwa madaraja ya DOT. Kwa viwango, DOT 4 mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 230. Yakishanyonya maji ya asilimia 3.7, kiwango hicho ni 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke haubani pistoni. Fuata namba iliyoandikwa kwenye kifuniko. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi na DOT 3, 4 wala 5.1. Oili ya injini haina nafasi humo, hata tone.

Wenye breki za ngoma, vumbi lililomo msilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Baadhi ya bitana, yaani vipande vinavyosugua ndani ya ngoma, zina asbesto, madini ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Futeni kwa kitambaa kilicholowa.

Chombo kikikataliwa kwetu, utaratibu ni huu. Mkaguzi huandika kasoro kwenye fomu na unapewa nakala. Pikipiki isiyo na breki haiendeshwi kurudi nyumbani. Inasukumwa au inabebwa, na ukikutwa unaiendesha hilo ni kosa jingine, hata kama fomu inaonyesha umetoka kukaguliwa. Ukishatengeneza, leta pikipiki yenyewe pamoja na nakala ya fomu. Risiti ya spea haikaguliwi. Tutapima mfumo mzima wa breki, mbele na nyuma, si kile kilichoandikwa tu, kwa hiyo hakikisha pia taa ya breki inawaka unapominya mkono wa mbele. Swichi yake hukaa pale pale kwenye mkono, na mara nyingi husahaulika kuunganishwa.