Wimbo haujaondoka: nlivyojifunza kuskiliza jazi laivu

Sisi tulokulia Unguja neno jazi tunalijua toka zamani ila kwa maana nyengine kabisa. Ukilitaja mbele ya wazee wetu watakukumbusha Morogoro Jazz na Mbaraka Mwinshehe, au Western Jazz, magita yanajibizana na watu wako uwanjani wanacheza dansi. Kwaiyo nlipopata nafasi ya kwenda kusoma mwaka mmoja New Orleans, Marekani, mie mpiga dabli besi (lile kama fidla kubwa la kusimama) wa taarab, hiyo ndo jazi nlokuwa nayo kichwani, na nlichokikuta kule ni kitu chengine.

Kwanza pa kwenda. Muziki mwingi wa usiku kule unapigwa kwenye baa na mie sinywi, nikawa naskia tarumbeta kwa nje tu, napita. Mwenzangu mmoja darasani akanambia nenda Preservation Hall, mtaa wa St. Peter, upo tangu 1961 na pombe hawauzi. Nikenda. Chumba kidogo, kuta kuukuu, mabenchi machache, wengine wanakaa chini kwenye mito, na wapigaji wako karibu yako hivi kwamba unamskia mpiga tromboni anavuta pumzi kabla hajapuliza. Chini ya saa moja wamemaliza, wanaingia watu wengine.

Sasa usiku ule wa kwanza nliupenda muziki lakini sikuufahamu. Wanaanza wote pamoja na wimbo mzuri, unaushika, unataka kuuimba, alafu ghafla mpiga klarineti anaanza mambo yake, akimaliza anaingia wa tarumbeta, kisha piano, na ule wimbo siuoni tena, mpaka mwisho unarudi kama ulitoka kwenda dukani. Nikawa najiuliza wametoka wapi wamerudi wapi, na wamejuaje wote kurudi kwa pamoja wakati hakuna alotoa ishara?

Mzee mmoja mpiga besi ndo alonifungua maskio. Nlimfata baada ya kupiga nikamuuliza, akanambia mwanangu, wimbo haujaondoka, uimbe moyoni toka mwanzo mpaka mwisho wakati yule anapiga solo, ukifika mwisho anza tena, utaona wote wako ndani yake.

Na kweli. Ngoja nieleze maana hapa ndo penyewe. Kwetu kwenye taarab mpigaji akitoa taksim, ya kanuni au ya udi, mara nyingi mdundo unasimama, anatembea peke yake ndani ya maqam, yaani ngazi ya sauti, iwe rasti au bayati au hijazi, anakaa anapotaka, hakuna anohesabu. Nyie wengine mnasubiri tu mpaka awafikishe mlangoni mwa wimbo. Kwenye jazi mdundo hausimami. Solo inapigwa juu ya duara, na duara lina urefu wake kama beti la shairi lilivyo na mizani zake. Bluzi ya kawaida ni mafungu 12 ya mapigo manne manne, yakiisha yanaanza tena. Nyimbo nyengine nyingi ni mafungu 32: kipande cha manane, kinarudiwa, kinakuja cha katikati chenye sauti tofauti, alafu kile cha mwanzo tena. Mpiga solo anaweza kuchukua duara moja au kumi lakini halivunji. Ukishakijua kile kipande cha katikati umeshapona, maana kikifika tu unaskia kodi (zile sauti zinazopigwa kwa pamoja) zinageuka na unajua uko wapi, hata kama saksafoni imeshapaa mbinguni.

Na wa kumskiliza ni mpiga besi. Nnasema hivi si kwa sababu ni kazi yangu (au kidogo), bali yeye ndo anotembea na duara mkononi, pigo baada ya pigo. Watu wote wanamtazama mwenye tarumbeta, mie nlipoanza kumfata mwenye besi ndo usiku wa tatu nikapiga makofi solo ilipoisha pale pale na wenyeji, sio nusu dakika baadae.

Jambo jengine lilonishika ni mitaani. Jumapili kunapita gwaride wanaliita second line, vyama vya kusaidiana vya mitaa vinatoka na sare na miavuli, beni ya matarumbeta mbele na watu nyuma wanacheza barabarani. Mie nlisimama pale nikaiona beni ya harusi inapita Ng'ambo, ile mbwa kachoka yetu, nikashindwa kujizuia nikaingia nyuma yao mpaka jioni.

Nlivyorudi nimelileta lile duara darasani hapa Mji Mkongwe. Natumia sanduku la kidumbak, ile besi ya ngoma zetu za harusini, maana uzi mmoja na fimbo inatosha kushika duara, mmoja anapiga fidla anavyotaka, na waliobaki wanaimba wimbo midomo imefungwa, polepole, wala hawaruhusiwi kunyamaza. Juzi kijana wa fidla alikwenda mbali sana, nikaona wenzake wanatazamana, lakini sanduku halikuyumba, na duara lilipofunga akatua nao pale pale kwenye neno la mwanzo. Nikawaambia rudieni.