Bondi za kaboni: kwa nini samli huganda na mafuta ya alizeti hayagandi

Asubuhi ya baridi hapa Nakuru, samli huwa ngumu hadi uichimbe kwa kijiko, huku mafuta ya alizeti kwenye chupa ya pembeni yakimiminika kama kawaida. Yote mawili yameundwa hasa kwa aina tatu za atomi: kaboni, haidrojeni na oksijeni. Kinachoyatofautisha ni jinsi kaboni zilivyoshikana.

Bondi ni mshikamano wa atomi zinazochangia elektroni. Kaboni ina elektroni nne kwenye mzingo wa nje na inahitaji nane, kwa hiyo hufunga bondi nne. Katika methani, gesi tunayopata kwenye mtambo wa samadi, zote nne zimeshika haidrojeni. Lakini upekee wa kaboni ni kwamba hushikana na kaboni wenzake kwa nguvu, ikafanya minyororo mirefu, matawi na hata pete. Silikoni nayo hufunga bondi nne, ila haiwezi kujishikilia kiasi hicho.

Kaboni mbili zikichangia jozi moja ya elektroni, hiyo ni bondi moja. Zikichangia jozi mbili ni bondi maradufu; tatu, bondi ya mara tatu. Sehemu zilizounganishwa kwa bondi moja huweza kujizungusha. Kwenye bondi maradufu haziwezi, na jambo hili dogo lina uzito mkubwa jikoni.

Asidi ya steariki, mojawapo ya asidi za mafuta (minyororo ya kaboni inayojenga mafuta) zilizomo kwenye samli, ina kaboni 18 zilizoungana kwa bondi moja moja tu. Mnyororo wake hunyooka, molekuli zikalaliana kama kuni zilizopangwa vizuri, na huyeyuka ikifika nyuzi 69 hivi za Selsiasi. Asidi ya oleiki nayo ina kaboni 18, ila kati ya kaboni ya 9 na ya 10 pana bondi maradufu. Hapo mnyororo umepinda, na mpindo haunyooki. Molekuli hazipangiki, kwa hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 13 tu! Tofauti yenyewe ni haidrojeni mbili. Asidi ya linoleiki, iliyojaa kwenye alizeti ya kawaida, ina bondi maradufu mbili na huyeyuka chini ya sifuri.

Viwandani hupitisha haidrojeni kwenye mafuta ya mimea, nikeli ikiwa kichocheo, ili bondi maradufu ziwe bondi moja, nayo mafuta hugeuka ya mgando. Kazi hiyo ikiachwa nusu, baadhi ya bondi maradufu hubaki ila zimegeuzwa upande, na mnyororo hunyooka tena. Hayo ndiyo mafuta ya transi, yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa moyo.