Uhalifu wa chuki ni nini, na unaripotiwaje

Kibaka akikupora simu Mwanjelwa, Mbeya, jioni, anachotaka ni simu. Angepita mwingine mwenye simu nzuri zaidi, angemfuata huyo. Mwenye kutenda uhalifu wa chuki anamchagua mtu kwa jinsi alivyo, au anavyodhaniwa kuwa: ngozi yake, dini, kabila, ulemavu, alikotoka. Kosa lenyewe linaweza kuwa lolote tunalolijua, kipigo, vitisho, kuchoma nyumba, mauaji. Linaloligeuza kuwa uhalifu wa chuki ni sababu ya kumlenga huyo.

Ndiyo maana hofu yake haiishii kwa aliyeumizwa. Mtu mwenye ualbino akivamiwa Rungwe, mama wa Makambako mwenye mtoto mwenye ualbino anaacha kumtuma dukani peke yake. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliitikisa Tanzania kuanzia miaka ya 2000, zaidi Kanda ya Ziwa, na Nyanda za Juu Kusini hazikusalimika. Wengi wenye ualbino wamewahi kusikia neno “dili” likinong'onwa wanapopita stendi. Aliyelisema anaweza kudai alikuwa anatania. Kwa anayelisikia, ni kuambiwa kwamba viungo vyake vina bei.

Utani tunaujua sisi. Mhehe na Mngoni wanataniana hata msibani, kila mmoja ana la kumjibu mwenzake na hakuna anayelala na hofu. Pale mmoja anapocheka na mwingine anafunga mlango mapema, huo si utani.

Kundi jingine linalolengwa ni wazee, hasa bibi zetu. Mwanamke aliyepika kwa kuni miaka mingi katika jiko lililojaa moshi, kwenye baridi ya Makete au Njombe, macho yake yanakuwa mekundu. Kisha mtoto wa jirani anafariki, na kijiji kinaanza kumtazama yeye kwa ajili ya macho hayo. Wakiletwa lambalamba, wale waganga wanaodai kufichua wachawi, jina lake ndilo la kwanza kutajwa. Kumtangaza mtu kuwa mchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, iliyotungwa tangu 1928. Sijui kwa nini hili halisomwi kwenye kila mkutano wa kijiji.

Tanzania haina kosa moja lililoandikwa kwenye sheria kwa jina la uhalifu wa chuki. Katiba, ibara ya 13, inakataza ubaguzi. Kanuni ya Adhabu inashughulikia kipigo, vitisho na mauaji. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa matusi na maandishi ya kibaguzi mtandaoni. Kwa hiyo usipoisema sababu mwenyewe, jalada litabaki na “shambulio la kudhuru mwili”, na chuki itakuwa imefutika. Uingereza walijifunza hili kwa uchungu baada ya kijana mweusi, Stephen Lawrence, kuuawa London mwaka 1993 kwa sababu ya rangi yake. Ripoti ya uchunguzi ya 1999 ilitaka tukio liandikwe kuwa la kibaguzi iwapo mwathirika, au mtu mwingine yeyote, analiona hivyo. Hilo halimtii mtu hatiani, ila linamlazimu mpelelezi kuifuatilia sababu hiyo tangu mwanzo.

Basi ukifika kituoni, au ukipiga 112 hatari ikiwa bado ipo, eleza kilichotendwa na maneno yaliyosemwa. Yataje kama yalivyotamkwa, hata kama ni kwa Kisafwa au Kinyakyusa, ndipo utoe maana yake. Taja pia yaliyotangulia: karatasi iliyobandikwa mlangoni, mbuzi aliyekatwa, ujumbe wa simu. Ujumbe huo usiufute hata kama unakuchefua. Omba namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, na kama kuna jeraha omba PF3, fomu ya polisi ya matibabu, uende nayo hospitali. Vyote hutolewa bure. Maelezo yako yasomwe mbele yako kabla hujasaini. Kama sababu ya kushambuliwa haimo, omba iongezwe. Kwa mtoto au mwanamke, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto.

Mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wa kata wanaweza kupokea taarifa, lakini wajibu wao ni kuifikisha polisi. Ninaposikia “tuyamalize kiukoo” nakosa amani, maana mara nyingi anayehamishwa ni bibi aliyetukanwa, na waliomtukana wanabaki na shamba lake. Wala si lazima mwathirika aende mwenyewe. Jirani aliyeona ana haki na wajibu wa kutoa taarifa.

Kituo kikikaa kimya, panda kwa mkuu wa polisi wa wilaya, kisha kwa kamanda wa mkoa, ukitaja namba ile ya RB. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo inapokea malalamiko, hata yanayoletwa kwa niaba ya mtu mwingine, na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 wanaweza kukuandikia barua ya malalamiko bila malipo.