Herufi zikichanganywa: tunayoyaamini na ukweli wake

Chukua herufi nne: A, I, L, M. Ukiambiwa uzipange upate neno, nawe ukaandika mali, umepata. Wa pili akiandika mila, naye kapata. Wa tatu kaona lami, wa nne lima, wa tano imla. Wote watano wamepatia. Lakini chemshabongo nyingi huja na jibu moja tu, na mtoto aliyeandika lami huwekewa alama ya kosa. Hilo linaniuma, maana mtoto huyo hakukosea hata kidogo. Aliyekosea ni aliyetunga fumbo.

Hiyo ndiyo dhana potofu iliyoenea kuliko zote: kwamba herufi zilizovurugwa zina neno moja lililojificha ndani yake. Maneno ya Kiswahili hujengwa kwa silabi chache zinazojirudia, kwa hiyo hugongana herufi kila mara. Simba na msiba ni herufi zilezile. Kima na mkia pia. Habari hugeuka bahari, samaki hugeuka masika, ukuta hugeuka kutua, sifa hugeuka safi. Mtungaji anayetaka jibu moja hana budi kutoa kidokezo cha maana, kwa mfano "hutandazwa barabarani", ndipo lami ibaki peke yake.

Hata mabingwa wa fikra wamenaswa hapa. Mwaka 1610 Galileo, mwanaastronomia wa Italia, aliitazama sayari ya Zohali kwa darubini, akaona kama ina miili miwili ubavuni. Hakutaka kutangaza mapema wala kupokonywa ugunduzi wake, basi akaiandika habari hiyo kwa Kilatini, akazivuruga herufi na kuzisambaza hivyohivyo. Kepler, mwanaastronomia mwenzake wa Ujerumani, alihangaika nazo mpaka akapata sentensi yenye maana: kwamba sayari ya Mirihi ina miezi miwili. Sentensi ilieleweka, ila haikuwa ile ya Galileo. Cha ajabu, Mirihi ina miezi miwili kweli, na ilikuja kuonekana mwaka 1877. Kwa hiyo kupata jibu lenye maana si sawa na kupata jibu lililokusudiwa.

"Mpangilio wa herufi si kitu, mradi ya kwanza na ya mwisho zikae mahali pake."

Ujumbe huu, ulioandikwa wenyewe kwa maneno yaliyovurugwa herufi za katikati, ulianza kuzunguka kwenye intaneti mwaka 2003, ukidai kuwa ni matokeo ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Matt Davis, mtafiti wa lugha na ubongo hukohuko Cambridge, aliufuatilia na kueleza kwamba hajui utafiti wa aina hiyo uliofanyika pale. Kazi iliyokaribiana na madai hayo ni tasnifu ya Graham Rawlinson ya Chuo Kikuu cha Nottingham, ya mwaka 1976, nayo ilihusu Kiingereza. Mifano ya ujumbe ule husomeka kirahisi kwa sababu imejaa maneno mafupi ambayo hayavurugiki.

Sasa ijaribu kanuni hiyo kwa Kiswahili. "Anataka mti" na "anakata mti": herufi ya kwanza ni ileile, ya mwisho ni ileile, za katikati ni zilezile. Ila mmoja ana haja na mti, mwingine ameshika shoka. Kulima na kumlia ni hivyohivyo. Alipika na alikipa pia: wa kwanza alikuwa jikoni, wa pili huenda alikipa chama kura yake. Ndani ya kitenzi cha Kiswahili, kila silabi ina kazi yake: nani katenda, lini, kamtenda nani. Ukihamisha herufi moja unaweza kuwa umembadilisha mtendwa.

Neno alikipa linanileta kwenye kosa jingine, la kusema kwamba kisichoonekana kwenye kamusi si neno. Hutalikuta alikipa limeorodheshwa kwenye Kamusi ya Kiswahili Sanifu, wala hapaswi mtu kulitafuta hivyo. Livue viambishi: a-, -li-, -ki-, kisha utabaki na -pa. Hapo ndipo kamusi inapokupokea. Programu za simu za kupanga herufi ambazo zina orodha ya maneno tu, bila ujuzi wa viambishi, hukataa maelfu ya maneno ambayo sisi tunayasema kutwa.

Wengine hukata tamaa mapema wakiamini kwamba lazima ujaribu kila mpangilio. Ni kweli hesabu inatisha: herufi saba tofauti hupangika kwa njia 5,040. Ila lugha yenyewe hukupunguzia mzigo. Tazama herufi hizi: A, C, H, M, W. Zina mipangilio 120. C ya Kiswahili haitembei bila H, basi zifunge pamoja, imebaki 24. Karibu kila neno letu huishia kwa irabu, na hapa irabu ni moja tu, A, ipeleke mwisho. Imebaki sita: mchwa, mwcha, chmwa, chwma, wmcha, wchma. Zitamke kwa sauti. Ulimi unakubali moja tu. Hukuhitaji kumbukumbu ya ajabu, ulihitaji sikio lako.

Na seti ya Scrabble, mchezo wa kupanga vigae vya herufi ubaoni ili kuunda maneno, iliyotengenezwa kwa Kiingereza, je, inafaa? Alfred Butts, Mmarekani aliyebuni mchezo huo miaka ya 1930, aliamua idadi ya kila herufi kwa kuhesabu herufi za magazeti ya Kiingereza. Matokeo yake K iko moja tu, na inapewa pointi 5 kama kitu adimu. Sasa andika kaka, kuku, kuoka au kiko bila kutumia kigae kitupu, kile kinachoweza kusimama badala ya herufi yoyote. Haiwezekani. Wakati huohuo Q na X zinakaa mkononi bila kazi.

Kuhusu kuzuia ugonjwa wa kusahau uzeeni, haijathibitishwa kwamba kupanga herufi kuna uwezo huo. Cheza kwa sababu unapenda.

Dhana ninayotamani iondoke kabisa ni ile ya kwamba anayeona maneno mengi ndiye anayeijua lugha. Mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa bila kujua kuzungumza Kifaransa. Alikariri maneno. Ni kipaji kikubwa mno, lakini maana ilikuwa nje ya mlango.

Jaribu herufi hizi tatu: A, A, P. Zina mipangilio mitatu, na maneno mawili: apa, yaani kula kiapo, na paa. Fumbo limekwisha kwa sekunde chache. Sasa fungua kamusi kwenye paa. Kuna paa la nyumba, kuna paa wa mwituni, kuna kupaa angani, na kuna kupaa samaki magamba.