Mfupa sio jiwe: supu, vyuma, matege na maji ya kwetu

Chukua mfupa wa paja la kuku, usafishe nyama yote iishe, utumbukize kwenye glasi ya siki, funika, uache siku nne tano hivi, katikati badilisha siki mara moja. Ukiutoa utaukunja kwa vidole kama mpira wa manati. Hicho ndo kitu cha kwanza nachowaonesha wanafunzi wangu wa baiolojia tukifika kwenye mifupa, darasa zima linanyamaza halafu kila mtu anataka aushike yeye. Siki imekula madini, yaani kalsiamu na fosfeti, kilichobaki ni kolajeni ambayo ni protini yenye nyuzinyuzi. Sasa chukua mfupa mwingine uutie kwenye moto mkali mpaka uwe mweupe, hapo kolajeni imeungua yamebaki madini matupu, ugonge kidogo tu unasagika kama chaki. Kwa hiyo mfupa ni vitu viwili vilivyofumwa pamoja, kimoja kinazuia usipondeke na kingine kinazuia usikatike.

Naanza na hilo kwa sababu dhana nyingi potofu tulizonazo kuhusu mifupa zina mama mmoja, nayo ni ile ya kudhani mfupa ni jiwe lililowekwa ndani ya mwili kushikilia nyama na likishawekwa limewekwa. Hapana jamani. Mfupa uko hai, una damu, una neva, na ndani yake kuna mafundi hawalali. Kuna seli zinaitwa osteoklasti kazi yao kubomoa mfupa uliochoka, nyuma yao zinakuja osteoblasti zinajenga upya, na kuna osteositi ambazo zimejizika humo humo ndani ya mfupa zinasikilizia uzito unaoubeba na kutuma taarifa wapi pajengwe wapi pabomolewe. Kwa mtu mzima karibu sehemu moja ya kumi ya mifupa yake inabadilishwa kila mwaka. Ndo maana mcheza tenisi mfupa wa mkono anaopigia unakuwa mnene kuliko wa pili, na ndo maana wanaanga wanaoelea huko juu bila uzito wanapoteza asilimia moja au zaidi ya mfupa wa nyonga kila mwezi. Jiwe halifanyi hivyo.

Sasa tuje kwenye supu. Mtu akivunjika mguu ndugu wote wanakuja na makongoro, "kunywa supu ya mifupa mfupa uunge". Supu ni nzuri, inampa mgonjwa hamu ya kula na maji mwilini, mimi mwenyewe siikatazi. Ila kalsiamu haitoki kwenye mfupa kirahisi kwa kuchemsha, kikombe cha supu ya mifupa kina kalsiamu kidogo sana, kikombe cha maziwa kina kama miligramu 300. Na ile kolajeni ukiinywa haiendi moja kwa moja kupachikwa pale palipovunjika, tumbo linaivunjavunja kama protini nyingine yoyote. Ukitaka mfupa wa kuliwa kweli kula dagaa mzima mzima na kichwa chake, pale unakula mfupa wenyewe sio maji yaliyopita karibu na mfupa. Na mgonjwa aache sigara, hilo watu hawalisemi kabisa kitandani kwa mgonjwa, sigara inachelewesha mfupa kuunga.

Kuongeza urefu nitapita haraka. Vijana wa miaka 22 na 25 wananunua mitandaoni vidonge na viatu vya kurefusha, wengine wananing'inia kwenye bomba kila asubuhi. Mfupa mrefu unarefuka kwenye gegedu laini lililoko karibu na ncha zake, na mwishoni mwa balehe gegedu hilo linageuka mfupa kamili, mlango umefungwa, hakuna kidonge kinachoufungua. Kinachoufunga, na hapa wengi hushangaa, ni estrojeni, ile homoni tunayoiita ya kike, na inafanya kazi hiyo hata kwa wanaume. Ilijulikana vizuri mwaka 1994 pale madaktari wa Marekani walipoeleza habari za mwanaume wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuweza kuipokea estrojeni, alikuwa na urefu wa sentimita 204 na bado anarefuka taratibu, testosteroni yake, homoni ya kiume, haina shida yoyote, lakini mifupa yake ilikuwa imepungukiwa madini kama ya mzee. Kwa hiyo homoni inayosimamisha urefu ndo hiyo hiyo inayokaza mfupa.

Vyuma. Kaka yangu alivunjika paja kwa ajali ya bodaboda, na maneno tuliyoambiwa yalikuwa mengi kuliko wageni waliokuja. Chuma kitaoza ndani. Chuma kinavuta radi. Ukienda hospitali watakata mguu, mpelekeni kwa fundi wa mifupa amfunge mianzi. Hili la mwisho linaniuma kuliko yote kwa sababu mafundi wengi wana nia njema na mfupa mdogo ukitulia huunga kweli, ila mianzi ikifungwa ikakaza mno na mguu ukavimba ndani yake, damu haipiti, vidole vinakuwa baridi, vinafa ganzi, vinageuka rangi, na mgonjwa akifika hospitali siku ya nne hapo ndo mguu unakatwa kweli, halafu watu wanarudi mtaani wanasema si tuliwaambia. Hata ukifungwa piopii (plasta ngumu) hospitalini, vidole vikianza ganzi na baridi rudi siku hiyo hiyo, usisubiri klinik.

Chuma chenyewe hakishiki mfupa milele, kinaushikilia tu utulie mafundi wa ndani wafanye kazi yao. Mfupa usipounga, mwisho wa siku chuma ndo kinavunjika, kwa kupindwa kidogo kidogo kila hatua kama waya unaoukunja na kuukunjua. Mfupa ukiunga, chuma kinaweza kukaa humo maisha yote, kinatolewa kama kinasumbua au kama daktari ana sababu, kwa watoto hasa. Kipo pia chuma ambacho mfupa unakishika kabisa. Msweden Per-Ingvar Brånemark mnamo 1952 alikuwa anaangalia damu inavyopita ndani ya mfupa wa sungura kupitia kifaa cha titani, alipotaka kukitoa kikagoma, mfupa ulikuwa umekua ukakikumbatia. Mwaka 1965 akaweka meno ya kwanza ya titani kwa mgonjwa. Na wale wanaodhani upasuaji wa paja unawezekana kwa matajiri tu wajue kuna rodi za SIGN, shirika lililoanzishwa na daktari Lewis Zirkle kule Richland, Marekani, mwaka 1999, zilizotengenezwa kwa ajili ya hospitali ambazo hazina eksirei ya kuangalia ukiwa katikati ya upasuaji, na pale MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, zimetumika sana.

Halafu kuna hii dhana ambayo hata wataalamu iliwapoteza: mfupa mzito ndo mfupa imara. Wakati mwingine ni kweli. Afrika Kusini kuna familia za Makaburu zenye ugonjwa wa kurithi ambao mifupa inaongezeka unene bila kusimama, mtu havunjiki mifupa hata kwa ajali kubwa, lakini anateseka maana fuvu nalo linanenepa likabana neva, uso unapooza, masikio yanaziba, ubongo unasongwa. Mwaka 2001 ikapatikana jeni ya kurithi iliyoharibika kwao, inaitwa SOST, na protini inayotengenezwa na jeni hiyo, sklerostini, ndo zile osteositi zilizojizika zinaitumia kuwaambia mafundi waache kujenga. Hawa ndugu hawana breki. Kutokana na mateso ya familia hizo wakatengeneza dawa inayoizuia sklerostini kwa muda, romosozumabu, iliyoruhusiwa Marekani 2019 kwa akina mama waliokwisha koma hedhi na ambao mifupa yao iko hatarini sana kuvunjika, na ina onyo kwa waliowahi kupata shambulio la moyo au kiharusi.

Hapo unene ulikuwa ni nguvu. Sasa sikia upande wa pili. Hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani waliwapa akina mama wenye mifupa dhaifu floraidi nyingi, madini yanayopatikana pia kwenye maji, kwa miaka minne, matokeo yakatoka 1990. Mifupa ya uti wa mgongo kwenye kipimo iliongezeka uzito kwa asilimia 35, yaani kwa karatasi ni ushindi mkubwa, ila mikono na miguu yao ilivunjika zaidi kuliko ya wenzao ambao hawakupewa. Mfupa ulikuwa mwingi lakini umejengwa vibaya.

Hiyo floraidi mimi naijua toka utotoni. Nimezaliwa Arumeru, mkoani Arusha, upande wa Maji ya Chai, na meno yangu ni ya kahawia. Nilipoenda kusoma mkoa mwingine wenzangu walidhani sipigi mswaki, na mpaka leo kuna watu wanaamini hivyo kuhusu watu wa kwetu. Rangi hiyo haiko juu ya jino, iko ndani. Floraidi inaharibu jino wakati linaundwa ndani ya fizi, kabla hujaliona, na likishatokeza hakuna mswaki wala majivu wala mkaa utakaoisugua rangi hiyo ikatoka. Chanzo ni miamba ya volkano ya Meru na Kilimanjaro na Bonde la Ufa zima mpaka Kenya na Ethiopia, maji yanapita humo yanabeba floraidi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, Tanzania kwa miaka mingi tuliruhusu mpaka 4 kwa sababu ya shida ya maji.

Na meno ndo sehemu ndogo. Kumbuka ule mfupa wa siki, yale madini yaliyoyeyuka yanaitwa haidroksiapataiti na floraidi inayapenda mno, inaingia inakaa mahali pa kipande kimoja cha madini hayo, haidroksili, na haitoki kirahisi. Mtoto anayekua anabakisha nyingi kuliko mtu mzima kwa sababu ndo kwanza anajenga. Baada ya miaka miguu inapinda, mgongo unakakamaa, kano zinageuka ngumu kama mfupa. Kwetu nimeona watoto wa familia moja wanapanda kilima kwenda shule magoti yamepinda, na maelezo yanayotolewa ni kwamba walibebwa mgongoni vibaya au walisimamishwa mapema.

Kubeba mgongoni hakupindishi miguu, tuliachie hapo hilo. Mtoto mchanga karibu wote wana matege kidogo, miaka miwili inanyooka, miaka mitatu minne magoti yanagusana, mpaka saba hivi inakaa sawa. Cha kuogopa ni mguu unaozidi kupinda baada ya miaka miwili, au mmoja umepinda kuliko mwingine, au mtoto analalamika maumivu. Huyo apelekwe, asisubiriwe "atakua tu".

Wengine watakwambia, "Mkalishe juani." Sawa, vitamini D inatoka kwenye jua na mtoto anayefungiwa ndani au kufunikwa gubigubi anaikosa. Lakini kule Nigeria wapo watoto wenye matege na jua wanalo tele. Utafiti uliochapishwa 1999 uliwachukua watoto 123, walikuwa wanakula kalsiamu kama miligramu 200 tu kwa siku, chakula chao nafaka na mihogo bila maziwa. Waliopewa kalsiamu, peke yake au pamoja na vitamini D, walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Yaani fundi alikuwepo, simenti ndo haikuwepo. Na mtoto mwenye upungufu wa kalsiamu floraidi inamuumiza zaidi, kwa hiyo kwetu maziwa na dagaa kwenye uji sio anasa.

Jingine ambalo naomba mlipeleke kwa kina mama wote: kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Kuchemsha kunaua vijidudu, ila maji yanapungua kwa mvuke na floraidi inabaki ile ile, kwa hiyo ndo unaikoleza. Dawa ya klorini nayo haiigusi. Na magadi tunayolainishia maharage na makande yanaweza kuwa na floraidi nyingi, unaweza kuchota maji salama ukaiongeza mwenyewe kwenye sufuria.

Kinachoitoa ni mfupa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapo hapo Arumeru, chini ya wizara ya maji, wamefanya kazi hii miaka mingi, na kule Nakuru, Kenya, dayosisi ya Kikatoliki nayo imeifanya. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, inasagwa chenga, inaoshwa, inajazwa kwenye ndoo yenye koki, maji yanapita polepole na floraidi inajishika kwenye zile chenga kwa namna ile ile ambayo ingejishika kwenye goti la mtoto. Usichome mwenyewe jikoni. Ukiunguza kidogo maji yananuka na yana rangi, ukizidisha mpaka ukawa mweupe hauvuti tena vizuri. Na chenga zinajaa, zikijaa maji yanatoka vile vile yalivyoingia na ulimi hautakwambia maana floraidi haina ladha wala harufu, lazima maji yapimwe na mkaa huo wa mifupa ubadilishwe.

Mwanangu wa mwisho ana miaka minne. Meno yake ya ukubwani saa hizi yanaundwa ndani ya fizi, na maji yake yote, ya kunywa na ya uji, nayachota kwenye ile ndoo.